Jioni Mama Alipotuchagulia Hoteli

Alasiri ya Idi Mosi, mimi na mwenye nyumba wetu tulikuwa tumesimama uani kwake Kyebando, Kampala, tukibishana kuhusu hoteli. Mimi nilitaka tumpeleke Mama kwenye hoteli moja ya katikati ya jiji, yenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wenye tai, ambayo muuguzi mmoja wa hospitali alikuwa amenisifia. Mwenye nyumba alisema hiyo ni ya watu wa ofisi, na kwamba sikukuu ni sikukuu pale Wandegeya, ambako matoke hufunuliwa kutoka kwenye majani ya mgomba yakiwa bado yanafuka mvuke.

"Mwalimu, wewe sikiliza mimi," aliniambia kwa Kiswahili cha Kampala, alichokiokota katika kambi ya polisi tangu alipotoka kaskazini kuolewa na askari. "Kule mjini sahani iko kubwa, chakula iko kidogo. Mama yako nataka kushiba."

"Mama anataka kupumzika," nikasema. "Anataka mahali patulivu."

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, hatua tatu kutoka pale tuliposimama, amevaa gauni lake jipya la sikukuu. Alituacha tukasema mpaka maneno yakatuishia. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Nimewasikia mnavyojua ninachotaka. Sasa niulizeni."

Mwenye nyumba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama ni mtu wa kuulizwa.

Ilikuwa miaka minne sasa tangu mtoto wa jicho alipoyafunika macho yake yote mawili, na kwa muda huo wote mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia. Nilimchagulia khanga, nilimchagulia njia, nilimwambia nini kiko upande gani wa sahani. Nilimpenda, na katika kumpenda nilimtawala.

Kabla ya hapo hakuna aliyeweza kumtawala. Alikuwa muuza samaki pale Mwaloni, Mwanza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Alfajiri alikuwa anangoja mitumbwi, na wavuvi walijua kwamba hakuna haja ya kumpamba samaki mbele yake. Akifungua shavu la sato, akabonyeza mgongo kwa kidole gumba, akamtazama jichoni, basi hukumu imepita. Wateja walimfuata kwa sababu hiyo. Ukungu ulipoanza kuingia machoni hakumwambia mtu. Aliendelea kununua kwa kupapasa. Siku moja mteja wake wa miaka mingi alimrudishia samaki mbele ya watu, akamwekea mezani na kusema, "Mama, huyu ananuka." Mama alijitwisha beseni lake akarudi nyumbani, na hakukanyaga tena Mwaloni.

Tulikwenda Kampala kwa sababu foleni ya upasuaji kwetu ilikuwa ndefu, na jirani yetu mmoja alikuwa ametibiwa huko akarudi anasoma Kurani mwenyewe. Niliomba likizo shuleni. Tulipanda meli Mwanza mpaka Port Bell. Njiani Mama alikaa kwenye benchi la sitaha, uso ameuelekeza ziwani, akiniuliza kila baada ya muda naona nini. Nilimwambia naona maji. Ilikuwa kweli, lakini lilikuwa jibu la mtu mvivu. Nikajisikia vibaya, nikamwahidi: "Mama, ukiona, Idi hii hutaingia jikoni. Tutakwenda hotelini, ukae, upakuliwe."

"Nikiona," akasema, "nitakaa nitazame. Kula ni baadaye."

Vita ya huko ilikuwa imekwisha miaka kadhaa, lakini bado ungeona ukuta wenye matundu ya risasi umesimama kando ya ukuta uliopakwa rangi juzi. Watu walikuwa wakijenga kila upande. Tulipanga chumba kwa yule mama wa Kyebando, Mama akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, na tukangoja. Wiki za mwanzo aliona mwanga na vivuli tu. Wiki moja kabla ya Idi daktari alimvalisha miwani, vioo vyake vinene kama kitako cha chupa ya soda, akamwambia anitazame.

Mama alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nililia pale kitini, na daktari akadhani nimekasirika.

Miwani ile ilikuza kila kitu. Alipotaka kushika kikombe, mkono ulifumba hewa. Alipotaka kushuka ngazi, mguu ulitafuta chini mahali ambapo hapakuwa na chini. Daktari alisema atazoea, nami nikaona hiyo ni sababu ya kutosha ya kuendelea kumshika mkono. Jioni ya kutazamia mwezi alikaa kibarazani saa nzima, shingo ameinua, lakini mawingu ya Kampala hayakupasuka. Mwezi tuliusikia redioni. Alinuna mpaka usingizini.

Basi siku ya Idi ikafika, na yeye akasema tumuulize.

"Haya, Mama," nikasema. "Unataka kwenda wapi?"

"Sijui. Sijaona hata hoteli moja. Nipelekeni kwenye ya kwako, kisha ya mwenzangu, nizione. Nitachagua mwenyewe."

Tulikodi teksi ya peke yetu, ambayo pale huiita speshal, na tukashuka mjini jua likiwa bado juu ya paa za nyumba. Mama alikaa mbele kando ya dereva. Alisoma kwa sauti kila bango aliloweza kulifikia: duka la magodoro, fundi saa, kliniki ya meno. Alisoma polepole, kama mtoto wa darasa la pili, na dereva akawa anapunguza mwendo ili asipitwe.

Hoteli yangu ilikuwa nzuri kama nilivyoambiwa. Kulikuwa na zulia, na muziki wa chini, na vitambaa vyeupe. Ila kitu kimoja muuguzi hakuniambia. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na taa zilikuwa ndogo nyekundu ukutani, na kila meza ilikuwa na mshumaa mmoja ndani ya glasi. Mhudumu kijana, amevaa tai, alituvutia viti. Mama alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akageuza kichwa huku na huku.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Hapana, nnyabo," mhudumu akasema kwa adabu, akimwita bibi kwa Kiganda. "Taa iko hivi kwa laha. Watu nakuja hapa kwa laha, kwa kupumzika."

"Na samaki mnao?"

"Samaki iko. Iko ya kukalanga, iko ya kuchemsha."

"Naomba nimwone."

Kijana alinitazama mimi, kama watu walivyokuwa wakifanya siku zote, wakitafuta mtu wa kujibu kwa niaba yake. "Nnyabo, samaki atakuja kwa sahani," akasema.

Mama alishika ukingo wa meza akasimama. Hakuwa amekasirika. Alimshukuru kijana kwa kiti. Kisha akanigeukia:

"Mwanangu, pazuri. Lakini nimekaa gizani miaka minne. Sikuvuka ziwa kuja kutafuta giza jingine."

Mwenye nyumba alitoka nje akijishika tumbo kwa kicheko. Mimi nilitoka nyuma yao uso ukiniwaka. Nilikuwa nimeiota hoteli ile tangu melini. Nilikuwa nimemwona Mama kwenye meza ile, ametulia, ananishukuru. Mlangoni ndipo nilipotambua kwamba katika ndoto yangu yote ile Mama alikuwa amekaa tu.

Wandegeya palikuwa na mwanga wa kutosha na watu wa kutosha. Familia nzima nzima zilikuwa zimejaa, wanaume na kanzu zao nyeupe, watoto na nguo mpya. Mwenye nyumba alitutangulia kama mtu anayeingia kwake. Mama aliyatazama matoke yakifunuliwa, akasema mashaallah. Aliitazama nyama kwenye mchuzi wa karanga, akasema hiyo ni kazi ya mtu anayejua. Halafu akaona sinia la samaki wa kukaanga kando ya dirisha, akasogea, akainama kidogo.

"Hawa wamekaangwa asubuhi," akasema, "na walivuliwa juzi. Tazama jicho lilivyozama. Huyu naye alihitaji daktari."

"Basi wewe kula nyama," mwenye nyumba akamwambia. "Nyama iko mzuri, halali, yote iko."

"Nyama ni nzuri, mwenzangu, na wewe umenileta mahali pa heshima. Lakini miaka minne nimekula samaki nisiyemwona. Leo nataka samaki."

Nilidhani mwenye nyumba ataudhika. Aliguna, akatikisa kichwa, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama yako iko kama mkaguzi wa polisi." Lakini aliufungua mlango wa teksi yeye mwenyewe, akamsubiri Mama aingie, wala hakumshika mkono. Nililiona hilo.

Hatukuwa na hoteli nyingine. Dereva aliuliza aende wapi, na mimi nikasema kwa unyonge arudi Kyebando. Nilikuwa nikipanga kichwani namna ya kupika wali nyumbani, na ahadi yangu nikiisikia imevunjika. Tulikuwa tumekaribia kwetu, kwenye maduka machache yaliyopangana kando ya barabara, Mama alipompiga dereva begani.

"Simama hapa."

Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimepita mahali pale kila siku kwa zaidi ya mwezi, nikaona moshi na kibanda. Mama, kwa jicho moja, kupitia kioo chenye vumbi, alikuwa ameona meza ndefu chini ya balbu kali isiyo na kifuniko, na juu yake majani ya mgomba, na juu ya majani samaki wabichi, wamelazwa mstari mmoja. Kando yake pipa lililokatwa nusu lilijaa makaa, na mama mmoja mnene mwenye kitenge alikuwa akigeuza samaki juu ya wavu.

Mama alifungua mlango akatoa mguu. Nilinyoosha mkono.

"Acha," akasema.

Mguu ulitafuta ardhi, ukaikosa, ukayumba. Alishika mlango. Alishusha mguu mara ya pili, taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji, mpaka akaipata. Kisha akashusha wa pili. Kutoka kwenye teksi mpaka kwenye meza ile ni hatua kumi au kumi na mbili. Alizitembea peke yake, nami nikatembea nyuma yake mikono nimeifumba ili isimkimbilie.

"Karibu, mama," mwenye pipa akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Baadaye tulijua kwamba alitoka Bukavu, kwamba alikuwa mkimbizi, na kwamba kibanda kile alikijenga mwenyewe kwa mabati ya kuokota. "Muko wangapi?"

"Watatu. Lakini kwanza nikuulize, na usiudhike. Hapo juu ya moto huchomi nguruwe?"

"Nguruwe iko kule, kwa jirani," yule mama akasema, akaonyesha kibanda cha mbali kwa kisu. "Mimi ni mukristo, ningekula. Lakini hapa ni samaki tu. Harufu ya nguruwe inaharibu samaki yangu."

Mama aliridhika. Samaki hachinjwi, alisema, basi hapa hakuna swali. Alikunja mikono ya gauni la Idi.

Alimfungua shavu wa kwanza, akatazama wekundu wa ndani. Akambonyeza mgongo. Akasogeza uso karibu, kioo kinene cha miwani kikawa kimeelekea jicho la samaki, na jicho lile lilikuwa jeupe safi na jeusi safi, limevimba kama la kiumbe kinachokutazama. Akamweka pembeni. Wa pili akampita. Wa tatu akamweka pembeni. Vidole vyake havikukosea hata mara moja mahali pa kushika. Ni vidole vile vile vilivyokuwa vikikosa kikombe.

Mwenye pipa alikuwa ameacha kugeuza. "Mama," akasema, "weye unajua samaki."

Wateja wengine walikuwa wakingoja, watu kama saba. Mama alikuwa ameshamchagua wa tatu wetu, lakini mkono wake ulirudi kwa samaki mmoja mkubwa, mzuri, aliyekuwa katikati ya mstari. Alimtazama mara mbili. Kisha akasema, na kila mtu akasikia:

"Huyu usimchome."

Mwenye pipa aliweka kisu chini. Nikajua tumeharibu. Mtu hafiki kwenye biashara ya mwenzake siku ya sikukuu, mbele ya wateja, akamwambia samaki wake mbovu. Mama alijua hivyo kuliko mimi, lakini hakuurudisha nyuma mkono wake.

"Iko shida gani?" mwenye pipa akauliza. "Yote imetoka Port Bell leo asubui."

"Wengine wote ni wa leo. Huyu wamekuchanganyia. Ameoshwa na kulazwa kwenye barafu, ndiyo maana anang'aa. Mpasue."

Yule mama alimpasua. Hakuhitaji kuinama ili kunusa, wala sisi. Alimtupa samaki kwenye ndoo ya taka, akaosha kisu, akaifuta mikono yake polepole. Nilingoja matusi.

"Ningeliuzisha mutu hii," akasema. "Angelisema mukongomani amemulisha sumu." Alimzungukia Mama, akaleta stuli yake mwenyewe, akaiweka kwenye kichwa cha meza, mahali ambapo upepo ulipeleka moshi upande mwingine. "Ikala hapa, mama. Ikala."

Mama hakukaa. Askari mmoja aliyekuwa katika foleni, bado na sare, alikuwa amesogea mbele. "Mama," akasema, "chagulia na mimi."

Alimchagulia. Alimchagulia na mwanamke aliyekuwa nyuma yake, na vijana wawili wa gereji, na mzee mmoja aliyetaka mdogo asiye na mafuta mengi. Kwa kila mmoja aliuliza nyumbani wako wangapi, na kama kuna mtoto, ili asipewe mwenye miiba midogo. Watu walimpa nafasi. Mwenye nyumba alisimama kando ya meza, akawa anatangaza kwa Kiswahili chake, "Huyu mama natoka Tanzania, iko daktari wa samaki," na kila aliyefika alijikuta amepangwa foleni. Mimi nilishikilia mtandio wa Mama. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Mstari ulipokwisha mezani, ndipo alipokaa. Tuliletewa samaki wetu kwenye sinia moja, na ndizi za kuchoma, na sombe iliyotwangwa vizuri, majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese. Mwenye nyumba alisema haya ni matoke yaliyokosa bahati, kisha akala ndizi nne. Nami, bila kufikiri, nikavuta samaki wa Mama upande wangu nikaanza kumtoa miiba, kama nilivyofanya kila mlo kwa miaka minne. Nilikuwa nimeshatoa miwili au mitatu. Mama aliushika mkono wangu.

"Umefanya kazi hii vizuri, mwanangu," akasema. "Umenilisha, na sikukwamwa na mwiba hata mmoja. Sasa kula."

Alirudisha samaki mbele yake. Akapitisha kidole chini ya shingo, akainua, na uti wa mgongo ukatoka mzima, miiba yake yote imesimama kama kitana. Aliuinua kwenye mwanga wa balbu akautazama kutoka kichwani mpaka mkiani. Halafu alimega nyama ya shavuni, ile laini ambayo wauza samaki hujiwekea wenyewe, akaniwekea upande wangu wa sinia.

Sijapata kula Idi nyingine kama ile. Moshi ulituingia, gauni la Mama lilipata mafuta ya mawese mahali ambapo hayakutoka tena, na askari yule alirudi kutuambia kwamba mke wake amesema samaki ni mzuri.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya meli. Kila asubuhi Mama aliamka, akavaa miwani, akatembea peke yake mpaka kibandani kungoja baiskeli zilizoleta samaki kutoka ziwani, na yule mama wa Bukavu hakulipia samaki mpaka Mama aseme ndiyo. Siku ya kuondoka alitaka kumpa kitenge. Mama akakataa kitenge, akaomba kisu. Alipewa kile kile kilichompasua yule samaki.

Mwanza tulifika siku ya Jumapili. Jumatatu alfajiri nilimkuta mlangoni na beseni kichwani. Sikumkumbusha kwamba daktari alisema bado anahitaji kuizoea miwani. Nilimfuata mpaka Mwaloni na nikasimama mbali kidogo. Wavuvi wengine walikuwa wageni, hawakumjua, na mmoja wao alipoiona ile miwani minene alimkonyeza mwenzake, akamjazia beseni haraka haraka, wazuri juu, wengine chini. Mama aliweka beseni mchangani, akakunja mikono ya gauni. Alimrudishia samaki saba, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja alimweleza sababu.